Nilivyookota Mawe Nikiwa Kitandani



Ushuhuda huu nauandika kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani sasa hivi, ambaye madaktari wanasema anaendelea vizuri, mifupa inaunga, lakini mwenyewe anajua kuwa moyo umebaki palepale alipoangukia. Nimelala hapo ulipolala. Nitakueleza yaliyonipata kwa mpangilio, na kuna mahali nitakapokwenda polepole, kwa sababu hadi leo si rahisi kupita hapo.

Mimi ni dereva wa trekta. Nimeifanya kazi hii tangu ujana, wilayani Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Anayeufahamu ukanda ule, kuanzia tambarare za Sanya kupanda juu, anayajua mawe yake: meusi, mazito, yaliyoshuka kutoka mlimani zamani za kale mlima ulipokuwa ukitoa moto. Yapo kando ya barabara, yapo kwenye kuta za mazizi, yapo mipakani mwa mashamba walikoyarundika babu zetu. Mengine yako chini ya udongo. Hayo ndiyo yanayomfanya dereva aombe kabla ya kushusha jembe.

Ilikuwa Februari 2022. Tulikuwa tunalima kabla ya masika, shamba la mahindi na maharage, mahali penye mteremko. Trekta lilikuwa la zamani, halina kibanda wala vile vyuma vya kinga vinavyosimama nyuma ya kiti. Wanaolima kwa jembe la sahani wanajua jinsi trekta linavyokwenda: gurudumu moja limo ndani ya mtaro uliokwisha kuchimbwa, jingine liko juu ya ardhi isiyolimwa. Kwa hiyo trekta limeinama tangu mwanzo. Kwenye mteremko, mtaro ukiwa upande wa bondeni, limeinama zaidi. Hivyo ndivyo tulivyolima miaka yote, mimi na walionifundisha.

Gurudumu la juu lilipanda jiwe. Sikuliona. Hakuna ambaye angeliona, udongo ulikuwa umelifunika. Papo hapo sahani nazo zikagonga jiwe jingine chini. Nilisikia chuma kikilia. Kiti kikainuka upande mmoja. Tanboi wangu, yaani msaidizi wangu, aliruka, Mungu akamsaidia akaangukia upande wa juu. Mimi sikuruka. Sikupata nafasi.

Halafu nikawa chini.

Nakumbuka harufu ya dizeli. Nakumbuka injini ilikuwa bado inanguruma. Nakumbuka udongo mdomoni. Nilijaribu kuita jina la Yesu, sauti haikutoka. Tanboi alizima injini, akakimbia kuita watu, na watu wakaja na mitaimbo na magogo, wakaliinua lile trekta kwa mikono. Wengine walikuwa vijana ambao niliwahi kuwalimia mashamba ya wazazi wao. Mungu awakumbuke kila mmoja wao.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Paja la kushoto nalo. Hospitalini Moshi walininyoosha mguu kwa uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda, baadaye wakaniwekea chuma ndani ya mfupa. Jumuiya ya kanisani ilichanga fedha. Kaka yangu aliuza ng'ombe. Mke wangu alilala sakafuni pembeni ya kitanda changu, kanga moja chini, kanga moja juu, na sijamsikia akilalamika hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa hai. Watu walishangilia, mchungaji alikuja kuomba, mama yangu alinishika kichwa kama mtoto mchanga.

Sasa nifike kwenye yale ambayo sikuyasema siku ile ya shangwe.

Usiku trekta lilirudi. Kila usiku. Nikifumba macho, kiti kinainuka upande mmoja. Nasikia chuma kikilia juu ya jiwe. Naamka nimelowa jasho na mke wangu amenishika mikono. Mchana ilikuwa sufuria. Kijiko cha chuma kikikwaruza sufuria jikoni, mwili wote unakauka. Likipita trekta barabarani, najifunika shuka usoni. Mwanangu mdogo aliona hilo. Alinyamaza, akaenda kufunga dirisha. Tangu siku hiyo kila aliposikia mlio wa injini kwa mbali, alikimbilia dirisha. Mtoto wa darasa la tatu. Namlinda nani sasa, nilijiuliza, kama mwanangu ndiye anayenilinda?

Kazi haikuwepo. Ada ya binti yangu wa sekondari ilikuwa inadaiwa. Mke wangu alianza kuuza maandazi alfajiri. Mimi nilikuwa nimelala.

Usiku mmoja nilimwambia, "Mngeniacha kulekule chini."

Hakujibu. Aliwasha taa. Akakaa. Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Baba, usiniambie hivyo tena. Niambie lolote, hilo usiniambie." Akaanza kuomba kwa sauti, na mimi sikuweza kuitikia amina. Nilitaka. Mdomo ulikataa. Nililala nikiwa nimeutazama ukuta, na ndani yangu hapakuwa na kitu. Hapakuwa na hasira, hapakuwa na machozi. Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo palikuwa chini kabisa. Mifupa ilikuwa inaunga wakati ule. Mimi nilikuwa natamani isiunge.

Niliwahi kumwambia muuguzi wa mazoezi ya viungo juu ya ndoto hizo, pale nilipopelekwa kujifunza kusimama tena. Hakunicheka. Alisema hofu inayobaki baada ya ajali inajulikana na ina njia yake ya kutibiwa: mtu huirudia ile hali kidogo kidogo, mahali salama, pamoja na watu anaowaamini, mpaka mwili ukubali kuwa hatari imepita. Nilimsikia, lakini nilijiuliza, mahali salama pa kugonga mawe na trekta ni wapi?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anasoma chuo Arusha. Likizo ndefu ilipofika alikuja kukaa kwetu ili amsaidie shangazi yake, maana ndivyo alivyomwita mke wangu. Alikuja na kompyuta mpakato. Jioni alikaa pembeni ya kitanda changu akicheza mchezo wa kilimo. Unaitwa Farming Simulator 22. Umetengenezwa na kampuni ya Uswisi iitwayo GIANTS Software, na ulitoka Novemba 2021. Mchezaji anakuwa mkulima: ananunua trekta, analima, anapanda, anavuna, anauza, na misimu inabadilika kama ya kweli.

Siku ya kwanza aliwasha sauti na mimi nikapiga kelele. Alizima kompyuta kabla hata sijamaliza. Alinyanyuka akiwa ameogopa, akasema, "Samahani, mjomba. Samahani sana." Hakuigusa tena mbele yangu kwa siku kadhaa.

Kilichonirudisha ni udadisi wa kazi. Nilikuwa nasikia vitufe vikibonyezwa chumba cha pili, nikawa najiuliza huyu kijana analimaje, ameshusha jembe kina gani, anageukia wapi mwisho wa mstari. Nikamwita. Nikamwambia alete, ila azime sauti. Nikatazama. Alikuwa anageuza vibaya, anaacha pembe za shamba bila kulimwa, nikamwelekeza. Akanipa kompyuta nijaribu mwenyewe.

Nililima kidogo. Halafu nikaona mawe.

Mchezo ule una mawe, ndugu zangu. Ndiyo mara ya kwanza watengenezaji walipoyaweka katika mfululizo wa michezo hiyo. Ukilima kwa kina, kwa jembe au kwa mashine inayopasua ardhi ngumu chini, mawe hupanda juu ya shamba: mengine madogo, mengine ya kati, mengine makubwa. Madogo unaweza kuyakandamiza ardhini kwa rola. Makubwa lazima uyaokote kwa mashine yake. Ukiyaacha na kupita juu yake na zana zako, zana zinachakaa upesi na gharama ya matengenezo inapanda. Waliotengeneza mchezo ule waliijua kazi.

Mikono ilikufa ganzi. Kompyuta iliteleza mapajani, mpwa wangu akaidaka. Alipoelewa ni nini nilichokiona, alifungua mipangilio na kunionyesha mahali pameandikwa mawe: unaweza kuyawasha au kuyazima. Akayazima. "Mjomba, sasa hayapo," akasema.

Nikalima shamba lisilo na mawe. Nililima jioni nyingi. Nataka uelewe jinsi jambo hilo lilivyonisaidia, kwa sababu wapo waliosema ni mchezo wa watoto na mtu mzima hapaswi kupoteza muda hapo. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, nilishika usukani, ingawa ulikuwa vitufe tu, na hakuna kilichoinuka upande mmoja. Nilirudia. Hakuna kilichotokea. Nikaomba sauti iwashwe kwa chini sana. Nikasikia injini. Mwanangu akasimama kwenda dirishani, kisha akagundua mlio unatoka chumbani. Akaja akakaa kitandani, akaegemea bega langu kutazama. Mke wangu alisimama mlangoni na unga mikononi.

Lakini usiku ndoto ziliendelea. Zilipungua, hazikuisha. Na mimi nilijua sababu. Shamba lisilo na mawe halikuwa shamba ninalolifahamu. Nililolima jioni halikuwa lile lililoniangusha.

Kwa hiyo jioni moja baada ya sala ya familia nilimwambia mpwa wangu, "Yawashe mawe."

Akasema, "Una uhakika, mjomba?"

Sikuwa na uhakika. Nilimwomba mke wangu aje akae upande wangu wa kushoto, upande ulioumia. Nikamwomba mama aombe. Mama aliomba kwa Kichaga, taratibu, huku mimi nashusha jembe ndani ya kompyuta. Mistari ikaanza kugeuka rangi. Nikageuka nyuma kutazama. Yalikuwepo. Yalikuwa yametapakaa nyuma yangu yote, ya kijivu juu ya udongo.

Nilisimama. Nilipumua. Jasho lilinitoka. Mke wangu alinishika goti.

Nikamaliza shamba.

Kisha mpwa wangu akanipeleka dukani kwenye mchezo, tukachukua mashine ya kuokotea mawe. Mojawapo iliyomo humo inaitwa Elho Scorpio 550, na ni mashine ya kweli, inaundwa Ufini. Mbele ina mikono miwili inayozunguka ikisomba mawe kuyaleta katikati, kisha yananyanyuliwa na kuingizwa kwenye sanduku nyuma. Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini Wazungu waunde mashine kubwa namna ile kwa ajili ya mawe. Alitafuta, akanisomea. Kumbe huko kwao kaskazini barafu kubwa ya zamani iliacha mawe kila mahali, na kila majira ya baridi ardhi inaganda, inayasukuma mawe juu, hata shamba lililosafishwa mwaka jana linakuwa na mengine mwaka huu. Kwetu hakuna ardhi inayoganda hivyo mashambani. Yetu yanafunuliwa na mvua inayochukua udongo wa juu, na jembe linapokwenda chini zaidi. Nilifarijika kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kuna mkulima Ufini ambaye kila mwaka anarudi shambani akijua yatakuwa yamepanda mengine, na anarudi.

Nikaokota. Mstari kwa mstari, nikijaza sanduku na kwenda kuyauza mahali pa kusagia mawe. Shamba likabaki safi nyuma yangu. Kila jiwe lililoingia kwenye lile sanduku nililiona. Hilo ndilo lililokuwa likiniponya: nililiona kwanza, kisha nikaliokota.

Jaribu kubwa lilikuja baadaye. Kuna ramani humo iitwayo Erlengrat, ya milima ya Alpi, na mashamba yake yana miteremko. Nilikuwa na mzigo, nikakata kona upande wa bondeni, na trekta likalala ubavu.

Lililala ubavu mbele ya macho yangu.

Sikupiga kelele. Sikuweza kupumua. Chumba kilikwenda mbali. Nilisikia mtu akisema "mjomba, mjomba", na sikujua ni wapi. Nilikuwa nimerudi kule chini. Dizeli. Udongo.

Mpwa wangu alichukua mkono wangu, akauweka juu ya kompyuta. "Tazama, mjomba. Tazama hapa." Alifungua ramani, akachagua lile trekta, akabonyeza kitufe cha kulirudisha dukani. Likatoweka pale bondeni. Likasimama mbele ya duka, wima, magurudumu yote manne chini. "Hakuna mtu chini yake," akasema. "Wewe uko hapa. Uko na sisi."

Nililia usiku ule. Nililia kilio kilichokuwa kimekataa kutoka tangu Februari, na mke wangu alipoomba, niliitikia amina. Nililala hadi jogoo alipowika.

Sitaki udhani kuwa kompyuta ndiyo iliyoniponya. Mungu ameniponya, na ametumia mikono ya watu: waliolinyanyua trekta, daktari aliyetia chuma, muuguzi aliyenieleza ukweli, mke, mama, mtoto wa dada yangu na mchezo wake. Nilimaliza magongo, nikaingia kwenye fimbo. Nilianza kwenda kusimama kando ya shamba wengine wakilima, kwanza mbali, halafu karibu. Nilikwenda na mke wangu kila mara.

Msimu wa pili yake nilipanda tena kwenye kiti. Mwenye trekta alikuwa ameweka vyuma vya kinga nyuma ya kiti na mkanda, na hapo nina neno kwa kila mwenye trekta anayesoma: weka vyuma hivyo, na dereva afunge mkanda. Trekta likipinduka, vyuma hivyo vinamwachia mtu nafasi ya kuishi, na mkanda unamshika abaki ndani ya nafasi hiyo. Haviondoi mawe. Vinamrudisha baba nyumbani.

Kabla ya kushusha jembe, siku hizi tunalitembea shamba. Vijana wanashika mtaimbo, wanachoma ardhi mahali wanapoona udongo umebadilika au majani yamedumaa, na jiwe likipatikana tunalichimba au tunasimika kijiti ili nilipishe. Akina mama na watoto wanaokota yaliyo juu na kuyarundika mpakani. Inachukua muda. Wapo wenye mashamba wanaonung'unika kuwa nachelewesha, na mimi nawaambia kwa heshima kwamba sitashusha jembe kabla ya hapo.

Hofu bado ipo. Nakuambia ukweli kwa sababu ulipo unahitaji ukweli. Sahani zikigonga kitu, mguu wa kushoto unakuwa baridi mpaka kwenye kidole. Nasimamisha trekta. Nateremka, natazama, naliona jiwe kwa macho yangu, naomba, napanda tena. Siku nyingine napanda upesi. Siku nyingine nakaa chini kwanza, na tanboi wangu, yuleyule aliyeruka siku ile, anakaa pamoja nami bila kuniuliza.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne. Mpwa wangu akija likizo bado tunacheza, na mawe tunayaacha yamewashwa. Mwanangu ndiye anayeokota sasa. Ananishinda.

Wewe uliyelala, mtafute mtu mmoja wa nyumbani umwambie ndoto zako kama zilivyo, hata hiyo unayoiona aibu. Kama hospitali iko karibu, waambie na wao, waulize juu ya hofu kama unavyowauliza juu ya mfupa. Ukiweza kusogea hatua moja kuelekea kile kinachokutisha, wakiwepo wanaokupenda, sogea. Ukishindwa leo, umeshindwa leo tu. Jumuiya yetu inakutana Jumatano jioni, na nimewaomba tuwaombee wote watakaosoma haya, bila kuwajua majina. Wameshaanza.